Alfred Hobbs: Mtu aliyefungua makufuli yaliyosifiwa kuwa hayafunguki

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA au msafirishaji anayelaza gari nyumbani hufungia mengi ndani ya gereji yake usiku: gari lenyewe, betri, matairi ya akiba, jeki, spana, na mara nyingine mzigo wa mteja ambao haujachukuliwa. Mali yote hiyo huachwa chini ya ulinzi wa kitu kimoja kinachoenea kiganjani, nacho ni kufuli. Ukimuuliza mwenye gereji kwa nini ana imani na kufuli lake, mara nyingi atakujibu kwamba alilinunua kwa bei kubwa, au kwamba muuzaji alimhakikishia ni imara, au kwamba jina lililochongwa juu yake ni maarufu.

Waingereza wa nusu ya kwanza ya karne ya 19 walikuwa na imani ya namna hiyo hiyo. Walikuwa na makufuli mawili waliyoyasifu kuliko mengine yote, la Chubb na la Bramah, na watu wenye mali walilala usingizi kwa sababu ya majina hayo. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 1851 na Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, ambaye hakuwa mwizi wala askari. Alikuwa mfanyabiashara wa makufuli aliyevuka bahari kutafuta soko. Maisha yake yana mengi ya kumfaa kila mwenye mlango wa kufunga.

Kijana wa kazi nyingi

Bw. Hobbs alizaliwa Oktoba 7, 1812 mjini Boston, Marekani. Baba yake, ambaye alikuwa seremala, alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu, na maisha ya nyumbani yakawa magumu. Alipofikisha umri wa miaka kumi hivi alianza kufanya kazi shambani. Baada ya hapo alipitia kazi mbalimbali za mikono, zikiwemo za kuchonga mbao na kutengeneza magari ya farasi, kabla ya kuingia katika kiwanda cha vioo cha mji wa Sandwich, jimbo la Massachusetts, ambako alijifunza ufundi wa kukata vioo.

Huko kiwandani ndiko kazi yake ilikokutana na vitasa. Vishikio vya milango vya kioo vilikuwa vinapendwa sana wakati huo, na vilitakiwa viungane vizuri na vitasa vya chuma. Kijana Hobbs alishughulikia tatizo hilo, na kwa kufanya hivyo akajikuta anafungua vitasa vya kila aina ili aone vinavyofanya kazi ndani. Alichokiona kilimshangaza. Vingi vilikuwa na umbo zuri na uzito wa kutosha nje, lakini ndani havikuwa na lolote la kumsumbua mtu mwenye kipande cha waya na uvumilivu kidogo.

Baadaye aliacha vioo, akaingia katika biashara ya kuuza sefu, na kisha akajiunga na kampuni ya Day & Newell ya New York iliyokuwa inatengeneza makufuli ya mabenki. Hapo ndipo alipobuni mtindo wake wa kuuza, ambao ulimpa jina. Hakwenda kwa mteja na maneno mengi. Alikwenda benki, akamwomba meneja amwonyeshe kufuli analolitegemea, kisha akalifungua mbele yake bila ufunguo. Meneja aliyekwisha kuona kwa macho yake kwamba hazina ya wateja wake iko wazi hakuhitaji kubembelezwa ili anunue kufuli jipya.

Kufuli ambalo Bw. Hobbs alikuwa analiuza lilibuniwa na Robert Newell, mmoja wa wenye kampuni hiyo. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba meno ya ufunguo wake yangeweza kupangwa upya na mwenye mali mwenyewe, na kufuli likakubali mpango huo mpya na kuukataa ule wa zamani. Msafirishaji wa leo ataelewa mara moja faida yake. Dereva au utingo akiacha kazi na ufunguo wa gereji uliwahi kukaa mikononi mwake hata kwa siku moja, hakuna anayejua kama hakuuchongesha mwingine. Kufuli ni lile lile, geti ni lile lile, lakini usalama umekwisha ondoka naye. Asiye na kufuli la kubadilisha mpango wa funguo hana njia nyingine ila kununua jipya siku hiyo hiyo.

Makufuli mawili yaliyotamba

Ili kuelewa kwa nini safari ya Bw. Hobbs kwenda Uingereza ilileta kishindo, ni vizuri kuyajua makufuli aliyoyakuta huko.

La kwanza ni la Joseph Bramah, fundi kutoka Yorkshire aliyezaliwa mwaka 1748 na kufariki mwaka 1814. Bramah alipata hataza ya kufuli lake mwaka 1784. Ufunguo wake ulikuwa kama bomba dogo lenye mikato mdomoni, na ndani ya kufuli kulikuwa na vipande vyembamba vya chuma vinavyoteleza, kila kimoja kikitakiwa kusukumwa kwa kina chake chenyewe. Kimoja kikipungua au kuzidi hata kidogo, kufuli halizunguki. Mnamo mwaka 1790 kampuni yake iliweka kufuli moja la aina hiyo, lenye vipande 18, katika dirisha la duka lake namba 124 mtaa wa Piccadilly, London. Tangazo liliahidi kumlipa gini 200 yeyote atakayetengeneza chombo cha kulifungua. Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja, hivyo zawadi yote ilikuwa pauni 210, fedha nyingi sana wakati huo. Kufuli lilikaa pale dirishani kwa zaidi ya miaka 60 bila mtu kuichukua zawadi hiyo.

La pili ni la Jeremiah Chubb wa Portsmouth. Mwaka 1817 bohari la serikali katika bandari ya jeshi la majini mjini humo liliibiwa kwa kutumia funguo bandia, na serikali ikatangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayebuni kufuli lisilofunguka ila kwa ufunguo wake tu. Chubb aliishinda zawadi hiyo na kupata hataza mwaka 1818. Ndani ya kufuli lake kulikuwa na vibao vidogo vya chuma ambavyo ufunguo ulivinyanyua kila kimoja kwa kimo chake. Jambo jipya lilikuwa kwamba mtu akijaribu kulichokonoa na kukinyanyua kibao kimoja kupita kiasi, kufuli lilijinasa na kukataa kufunguka, hivyo mwenye mali alipokuja na ufunguo wake alitambua mara moja kwamba kuna mkono mgeni uliopita.

Wasomaji wanaosafirisha makontena wanalijua wazo hilo kwa sura nyingine. Lakiri ya kontena kazi yake kubwa ni kumjulisha mwenye mzigo kwamba mlango umeguswa njiani, hata kama haina nguvu ya kumshinda mwizi mwenye zana. Chubb alikuwa ameiweka lakiri ndani ya kufuli lenyewe.

Mfungwa mmoja ambaye zamani alikuwa fundi wa makufuli, aliyekuwa anashikiliwa katika meli ya wafungwa hapo Portsmouth, aliahidiwa msamaha na pauni 100 kama angelifungua kufuli la Chubb. Alihangaika nalo kwa miezi miwili au mitatu, akashindwa. Habari hizo zilienea, na biashara ya Chubb ikakua.

Dakika 25 za Westminster

Mei 1, 1851 yalifunguliwa jijini London Maonyesho Makubwa ya bidhaa za mataifa yote, katika jengo la vioo na chuma lililojengwa katika bustani ya Hyde Park. Yaliendelea hadi Oktoba 15, na zaidi ya watu milioni sita waliingia. Kwa lugha ya leo tungeyaita sabasaba ya dunia nzima. Kampuni ya Day & Newell ilituma kufuli lake, na Bw. Hobbs ndiye aliyepewa kazi ya kulisimamia. Inaelezwa kwamba alisafiri na sanduku la zana zake za kufungulia makufuli, pamoja na barua ya mkuu wa polisi wa New York ya kumthibitisha kuwa ni mtu mwaminifu, kwa kuwa mzigo wa namna ile ungeweza kumtia matatani.

Badala ya kukaa kwenye banda lake na kungoja wateja, Bw. Hobbs alitangaza kwamba makufuli ya Waingereza yanafunguka, likiwemo la Chubb. Julai 22, 1851, mbele ya mashahidi waliokusanyika katika nyumba namba 34 ya Great George Street, Westminster, aliwekewa kufuli la Chubb lililokuwa katika mlango wa chumba imara. Alitoa zana zake chache mfukoni, akaanza kazi. Baada ya dakika 25 mlango ulikuwa wazi. Walipomtaka aufunge tena kwa zana zile zile, alitumia dakika saba. Kufuli lilipokaguliwa halikuwa na dalili yoyote ya kuharibiwa.

Kilichowauma zaidi wenye kufuli hilo ni njia aliyoitumia. Ile sehemu ya kujinasa, iliyobuniwa ili kumkamata mwizi, ndiyo iliyomsaidia. Kila kufuli lilipojinasa, lilikuwa linamwambia kwamba kibao alichokigusa sasa hivi amekinyanyua mno. Alikuwa anaachia, anarudi, na kujaribu tena kwa kimo kidogo zaidi. Ulinzi ulikuwa umegeuka kuwa mwalimu wake.

Siku 16 za Piccadilly

Siku mbili baadaye, Julai 24, alianza kazi juu ya kufuli la Bramah. Wenye kampuni, ambao walikuwa warithi wa mzee Bramah, walikubali, na wasuluhishi watatu wakateuliwa kusimamia. Alipewa muda wa siku 30 na chumba ndani ya jengo lao, ambako kufuli lilifungwa imara kwenye mbao.

Kazi hii haikufanana na ile ya Westminster. Bw. Hobbs alifunga kifaa cha kulishinikiza kufuli wakati wote, kana kwamba ufunguo unataka kulizungusha, kisha kwa ncha nyembamba akawa anavisukuma vipande 18 kimoja kimoja na kupima kina cha kila kimoja. Alifanya hivyo kwa muda wa saa 51 kwa jumla, zilizogawanyika katika siku 16. Agosti 23, 1851 kufuli la dirishani lilifunguka kwa mara ya kwanza bila ufunguo wake. Wasuluhishi waliridhika kwamba ameshinda kihalali, na kampuni ikamlipa gini 200, ingawa kwa manung'uniko.

Magazeti ya London yalijaa habari hizo kwa wiki kadhaa. Wenye maduka na mabenki waliingiwa na wasiwasi, na wapo waliomlaumu Bw. Hobbs kwa kuwafundisha wezi. Yeye na wenzake walikuwa na jibu. Mwaka 1853 kilitolewa London kitabu juu ya utengenezaji wa makufuli kilichotokana na kazi yake, kikihaririwa na Charles Tomlinson, na hoja iliyotolewa humo ni kwamba wezi wanaoishi kwa kazi hiyo wanazijua kasoro za makufuli tangu zamani. Anayefichwa ni mnunuzi peke yake, ambaye ndiye hasa anayetakiwa kujua.

Hoja ya upande wa pili

Wenye kampuni ya Bramah nao hawakunyamaza, na ni haki kuwasikiliza, kwa sababu jibu lao lina uzito hata leo. Walisema kufuli lao lilikuwa la miaka mingi. Walisema pia kwamba hakuna mwizi duniani anayepewa chumba, taa, kiti na saa 51 za kufanya kazi bila kubughudhiwa, huku amefunga vifaa vyake kwenye mbao za mlango. Kwa maelezo yao, kufuli lililomchukua bingwa wa dunia siku 16 ni kufuli zuri.

Msomaji akiziweka hoja zote mbili mezani ataona kwamba pande zote zilikuwa na ukweli. Bw. Hobbs alithibitisha kwamba kila kufuli linafunguka. Kampuni ya Bramah ilithibitisha kwamba kati ya kufuli na kufuli kuna tofauti kubwa ya muda. La Chubb lilichukua dakika 25, na la Bramah lilichukua saa 51, yaani zaidi ya mara 120. Kwa hiyo anayenunua kufuli ananunua muda. Linalobaki ni kuuliza katika muda huo nani atakuwa anaangalia, nani atasikia, na nani atatoka nje.

Hilo ndilo swali ambalo wenye magereji wengi hawajiulizi. Kufuli la bei kubwa kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba, gizani, ambako hakuna anayepita hadi asubuhi, ni kama kufuli la Bramah mikononi mwa mtu aliyepewa siku 30. Kufuli la wastani kwenye mlango ulio karibu na taa, penye jirani macho, mbwa au mlinzi anayezunguka kweli, laweza kumshinda mwizi kabla hajagusa chochote, kwa sababu hana hata dakika tano za kujificha.

Mshindi naye akashindwa

Bw. Hobbs hakurudi kwao mara moja. Aliona soko, akabaki London na kuanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Hobbs Hart. Wakati ule makufuli ya Uingereza yalikuwa yanatengenezwa kwa mkono na mafundi wa Wolverhampton na Willenhall, kila kimoja kwa saa nyingi za tupa. Yeye alileta mtindo wa Kimarekani wa kutumia mashine kukata sehemu zinazolingana, jambo lililowezesha makufuli bora kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1854 alialikwa kusoma mada juu ya makufuli mbele ya taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya London, heshima ambayo mtoto aliyeanza na kazi za shamba hakuitarajia.

Hata hivyo, alichowafanyia wenzake kilimrudia. Mwaka huo huo wa 1854 fundi mmoja wa kampuni ya Chubb alifanikiwa kulifungua mojawapo ya makufuli ya Hobbs kwa zana maalumu. Katikati ya miaka hiyo ya 1850, huko Marekani, kijana mwingine aliyeitwa Linus Yale alilifungua lile kufuli la Day & Newell, ambalo fundi mmoja wa Kiingereza alikuwa amepewa siku 30 mwaka 1851 akashindwa.

Yale huyu alizaliwa mwaka 1821, na kabla ya kuingia katika kazi ya baba yake ya makufuli alikuwa mchoraji wa picha za watu. Mwaka 1861 na 1865 alipata hataza za kufuli lenye pini ndogo zinazosukumwa na springi ndani ya silinda, na ufunguo mdogo bapa unaozinyanyua zote hadi zilingane. Wazo lake la msingi halikuwa geni, kwani Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye vijiti vya kuanguka vinavyofanana nalo. Yale alifariki Desemba 25, 1868 akiwa New York kwa shughuli za biashara, na hakupata kuona jinsi kazi yake ilivyoenea. Sehemu kubwa ya makufuli ya silinda yanayouzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi yanatumia mpango huo wa pini, hata yale yasiyo na jina lake.

Bw. Hobbs mwenyewe alirejea Marekani mwaka 1860. Alifanya kazi katika kiwanda cha cherehani cha Howe mjini Bridgeport, Connecticut, na mwaka 1866 akahamia kampuni ya kutengeneza risasi katika mji huo huo, ambako alikuwa msimamizi kwa miaka mingi na kupata hataza kadhaa. Alifariki Novemba 6, 1891 mjini Bridgeport akiwa na umri wa miaka 79. Kampuni aliyoiacha London iliendelea bila yeye hadi mwaka 1956, iliponunuliwa na Chubb, wale wale ambao aliwaaibisha kwa dakika 25. Kufuli la Bramah lililokaa dirishani siku hizi limehifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London.

Mlango wenyewe je?

Kuna jambo moja ambalo mashindano yale ya mwaka 1851 hayakuligusa, nalo ndilo linalowaumiza wenye magereji wengi. Bw. Hobbs alikuwa amefungwa na masharti ya kutolivunja kufuli. Mwizi wa usiku hana masharti hayo. Hana haja ya kujua pini wala vibao. Anatazama mlango mzima na kutafuta pahali palipo dhaifu kuliko pote, na mara nyingi pahali hapo si kufuli.

La kwanza kuangalia ni tumbuu ambamo kufuli hupitishwa. Kufuli la bei kubwa lililowekwa kwenye tumbuu nyembamba iliyoshikwa na skrubu mbili zinazoonekana nje ni kazi bure, kwa kuwa bisibisi au mtaimbo mdogo utaing'oa tumbuu na kufuli likabaki zima linaning'inia. Tumbuu ishikwe na bolti zinazopenya mlango hadi ndani, nati zikiwa upande wa ndani, au ichomelewe kabisa kama geti ni la chuma. Fundi wa kuchomelea amalizie kazi pande zote, asiweke nukta mbili tu.

La pili ni shingo ya kufuli. Shingo ndefu iliyo wazi ni rahisi kukatwa kwa mkasi wa chuma. Ni bora kutumia kufuli la shingo fupi na nene linalojaa kwenye tundu lake, na kama inawezekana fundi achomelee kiboksi kidogo cha chuma kinachozunguka kufuli, ufunguo ukaingilia chini. Mwizi atakosa nafasi ya kuingiza mkasi, na grenda ikitumika itapiga kelele kwa muda mrefu zaidi.

La tatu ni bawaba. Geti linalofunguka kwa nje huwa na bawaba zake nje, na pini ya bawaba ikiweza kung'olewa, jani zima la mlango hutoka huku kufuli likiwa limefungwa. Pini zichomelewe vichwa, au viwekwe vyuma vya ndani vinavyoingia ukutani mlango unapofungwa.

La nne ni geti la majani mawili. Majani hayo yakitegemeana katikati tu, jeki ya gari inatosha kuyatanua. Jani moja lishikwe na komeo la juu linaloingia kwenye kizingiti na komeo la chini linaloingia kwenye sakafu ya zege, yote mawili yakiwa ndani. Kwa mlango wa chuma unaojikunja kwenda juu, kufuli moja la katikati halitoshi, kwani pembe za chini hunyanyuliwa kwa mtaimbo. Ufungwe kulia na kushoto, karibu na sakafu.

Mwisho ni ule mlango mdogo unaotoka gereji kuingia nyumbani, ambao wengi huuacha na kitasa dhaifu au huuacha wazi kwa kudhani geti limekwisha fungwa. Mwizi akishaingia gereji ana kuta nne za kumficha na zana za mwenye nyumba za kumsaidia, na hapo ndipo anapopata zile saa za Bramah. Mlango huo ufungwe kama mlango wa nje, na spana, mitaimbo na mitungi ya gesi ya kuchomelea visiachwe wazi humo.

Baada ya hayo yote, msafirishaji afanye kama Bw. Hobbs alivyofanya kwa mameneja wa benki. Amwite fundi anayemwamini, asiyemuuzia kufuli, asimame naye nje ya gereji mlango ukiwa umefungwa, na amuulize kwa zana za kawaida angeingilia wapi na kwa dakika ngapi. Pahali atakapopanyooshea kidole pa kwanza ndipo pa kuanzia matengenezo kesho asubuhi.